Friza ya Bucha na Vijiko vya Wageni

Babu Barafu hakupewa jina hilo kwa sababu ya mvi zake, ingawa zilikuwepo za kutosha. Alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na vyumba vya nyuma ndimo alimokula, alimolala na alimogombana na redio. Kati ya karakana na nyumba palining'inia pazia alilolishona mkewe enzi za uhai wake. Tangu mkewe afariki, pazia hilo lilioshwa pale tu fundi alipokumbuka, yaani halikuoshwa.

Sasa, huyu mzee alikuwa na utaratibu wake wa kazi ambao mtaa mzima uliujua. Hakuna friji iliyotoka kwake bila mtihani. Akishaitengeneza anaiwasha, anaweka kikombe cha maji ndani, anafunga mlango, na hapo hata mwenye friji aje akilia machozi, haondoki nayo. Maji yakiganda mpaka chini, fundi anachukua chaki nyeupe na kuchora alama ya vema mlangoni, kubwa kama ya mwalimu aliyeridhika. Mteja akiona vema, anabeba. Asipoiona, akatulie kwake. Utaratibu huo ulimjengea heshima, maana mafundi wengine tunawajua: unachukua friji asubuhi, jioni nyanya zinatoka zimechemka.

Friji pekee ambayo haikuwahi kuona chaki ni ile ya kwake mwenyewe, iliyokaa jikoni. Hiyo iligandisha kwa kusuasua, ikikohoa kama mvuta kiko, na kila mwaka aliapa kuifungua aone ina nini.

Likizo ilipoanza, binti yake alimletea mjukuu. Binti huyu alikuwa muuguzi, na alikuwa amehamishiwa hospitali ya mbali, ambako alilala chumba kimoja na wauguzi wenzake na kufanya kazi kwa zamu zisizo na kichwa wala miguu. Hapakuwa na mahali pa kuweka mtoto. Ama mtoto akae na babu yake, ama aende kwa shangazi yake, mji mwingine kabisa.

"Tumjaribu hapa kwanza, Baba," binti alisema, akiwa bado amesimama mlangoni na funguo mkononi. "Jumamosi nakuja. Nikimkuta amezoea, anabaki, nimtafutie shule hapa hapa. Nikimkuta hajazoea, namchukua nampeleka kwa shangazi yake. Sitamlazimisha."

"Atazoea tu," alisema Babu Barafu.

"Na usimpe sukari. Ana meno mawili yameshazibwa." Hapo akaitupia jicho chai ya baba yake, ambayo ilikuwa na sukari nyingi kiasi kwamba kijiko kilikaribia kusimama chenyewe. "Namaanisha, Baba. Hata kidogo."

Basi mtoto akawa kwenye mtihani, au tuseme babu ndiye aliyekuwa kwenye mtihani. Na alitaka kufaulu. Alimtaka yule mtoto abaki kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote tangu awe mjane. Alikuwa amechoka kusalimiana na redio.

Lakini mtoto mwenyewe alikuja na begi la shule mgongoni, limejaa nguo zake zote, na hakulivua. Alikula nalo. Alikaa nalo juu ya kopo la rangi pale karakanani akiangalia barabara. Usiku alilala amelikumbatia, na asubuhi akalivaa kabla ya viatu. Ukimuuliza jambo alijibu "ndiyo", "hapana" au "sijui", na hiyo "sijui" ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote. Watoto wa jirani walimchungulia siku moja tu wakambatiza jina la Begi.

Chakula cha kwanza cha usiku, ili kumfurahisha, Babu Barafu alifungua kabati la vioo na kutoa kijiko kimoja kati ya vile vya marehemu mkewe. Vilikuwa vijiko vya kung'aa, vyenye ua mpini wote, vilivyolazwa kwenye boksi la kitambaa chekundu. Binti yake alikua ndani ya nyumba hii akipigwa makofi mkononi kila alipovigusa.

"Hivi ni vya wageni," babu alimweleza mjukuu. "Bibi yako alikuwa anavitunza."

Begi akakigeuzageuza kijiko. "Wageni ni nani?"

"Watu ambao hawakai. Wanakuja, wanaondoka."

Mtoto akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akakaza kamba za begi lake, akala wali wake kwa kijiko cha mgeni. Babu Barafu alitamani kujizaba kofi. Mdomo wake ulikuwa umemponza tangu ujana na haukuwa na dalili ya kustaafu.

Jumanne, friza ya mwenye bucha ilikuwa kwenye mtihani. Ilikuwa friza kubwa ya kulala, ile ya mlango wa juu, unayoweza kumlaza ndama ndani na nafasi ikabaki. Babu Barafu aliinua mlango, akaweka kikombe chake cha maji katikati ya ule uwanja mweupe, akafunga. Sauti ikatoka juu ya kopo la rangi.

"Babu, kwa nini unagandisha maji?"

Mzee nusura aangushe bisibisi. "Ili nijue kama inagandisha."

"Yakiganda unayafanyaje?"

"Nayamwaga."

Begi akalifikiria jambo hilo kwa uso wa mtu aliyeona upuuzi wa wazi kwa watu wazima. "Si ungegandisha kitu kinacholiwa?"

Babu Barafu alikuwa amefanya kazi ile tangu mikono yake ina ngozi laini, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Maji yote yale! Ungeyakusanya ungejaza bwawa. Akaangalia friza, akamwangalia mtoto, akahisi kitu kinamtekenya kifuani ambacho alikuwa amekisahau, nacho kilikuwa ni hamu ya kufanya utundu.

"Kama nini?" akauliza, akijifanya hajali.

"Barafu za matunda. Bila sukari," akasema Begi haraka, "kwa sababu ya meno."

Jikoni kulikuwa na papai moja na tikiti nusu. Wakavimenya. Ilipofika zamu ya kuponda, uma ulienda taratibu mno kwa mtu aliyezoea mashine. Babu akaenda karakanani akarudi na drili. Akaifungia mchapo wa kupigia mayai, uliooshwa vizuri, akauzamisha kwenye bakuli la papai, akabonyeza.

Mungu anisamehe, nacheka hata ninapoandika. Papai lile halikupondwa, lilirushwa. Lilienda kwenye dari, kwenye kalenda, kwenye miwani ya babu na kwenye redio ambayo hatimaye ilinyamaza. Kipande kimoja kilitua juu ya paji la uso la Begi kikaanza kuteremka polepole kuelekea puani, na mtoto akawa anakifuata kwa macho yote mawili mpaka makengeza yakamtoka. Kisha akacheka. Kilianza kicheko cha puani, kikashuka tumboni, na alipojaribu kukizuia kikatoka kwa kelele zaidi, na babu naye akashika meza, mbavu hana.

Kelele hizo ziliwaita watoto wa jirani. Walikuja mapacha wa mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambao walipokezana sentensi moja kama wanabeba kapu, na rafiki yao Pengo, aliyeitwa hivyo kwa sababu zilizoonekana wazi kila alipofungua mdomo. Wakaona dari. Hawakuuliza kama wanaruhusiwa kuingia.

Barafu za kwanza zilikuwa balaa. Babu Barafu alijua baridi, lakini hakujua kitafunio. Alizungusha swichi ya baridi ya friza mpaka mwisho kwa fahari ya kazi yake, akamimina maji ya tikiti kwenye vikombe vya plastiki, na kwa kuwa hapakuwa na vijiti, wakachomeka vijiko vya jikoni, mipini juu. Kesho yake vikatoka vitu vya kujengea msingi wa nyumba. Pacha mmoja aligonga chake kwenye ukuta, rangi ya ukuta ikabanduka. Pengo, ambaye hakuwa mtu wa kukata tamaa, akang'ata.

"Aaah!"

Pengo akautoa mdomo kwenye barafu, na pale katikati ya tikiti jekundu, limesimama wima kama mbegu nyeupe, palikuwa na jino.

Babu Barafu akauona tayari uso wa binti yake, muuguzi, siku ya Jumamosi. Lakini Pengo aliliangalia jino lake, akagusa pengo jipya kwa ulimi, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Limetoka! Lilikuwa linacheza tangu juzi nalivuta linakataa! Na halijauma!"

"Na mimi langu linacheza," akasema pacha wa kwanza.

"Na langu," akasema wa pili, ingawa lilikuwa uongo mtupu.

Ikabidi babu awanyang'anye barafu kwa nguvu kabla mtaa haujabaki na watoto vibogoyo. Begi alikuwa amekaa sakafuni kwa kucheka, begi limemwegemea kama mlevi.

Lakini barafu haikulika, hilo lilikuwa wazi. Begi akalamba yake, akakunja uso. "Ni maji tu yenye rangi," akasema. "Inataka kitu kizito." Wakajaribu ndizi. Ndizi zenye madoa meusi, zile ambazo muuza matunda huzitupia pembeni, zikapondwa kwa uma mpaka zikawa uji, zikachanganywa na embe, na swichi ya baridi ya friza ikarudishwa katikati. Wakagundua kwamba ukimimina tabaka moja ukaliacha ligande kidogo, kijiko kinasimama chenyewe bila kuanguka kama askari aliyechoka. Wakagundua kwamba machungwa yakikamuliwa juu yanaipa ndizi ukali mtamu. Hayo yote aliyasema Begi, kwa amri, na wakubwa na wadogo wakatii.

Ijumaa walitaka kutengeneza nyingi, kwa sababu Begi alitaka mama yake azikute. Vijiko vya jikoni vikaisha. Babu Barafu tayari alikuwa akikoroga chai kwa bisibisi. Alisimama mbele ya kabati la vioo kwa muda, akakuna kidevu.

"Hapa kuna wageni wangapi?" akauliza.

"Sisi!" wakapiga kelele mapacha na Pengo, ambao kwa wageni walikuwa wameshajua hata choo kinavuja upande gani.

Akalitoa boksi la kitambaa chekundu. Ilimgusa moyoni kidogo, nisiseme uongo. Mkewe alivitunza vile vijiko miaka yote akingoja mgeni wa maana, na mgeni wa maana hakuja. Basi vikachomekwa kwenye ndizi na embe, kila kimoja kwenye kikombe chake, maua yake yakitokeza juu, na vikalala ndani ya friza ya mwenye bucha, ambayo chaki yake fundi alikuwa akiiahirisha tangu Jumatano.

Jumamosi asubuhi Begi aliamka kabla ya jogoo wa mtu yeyote, akainua mlango wa friza, akagusa moja. Imeganda. Akagusa ya pili, ya tatu, zote. Kisha akafanya alichomwona babu yake akifanya. Akachukua chaki, akachora vema kubwa mlangoni, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Babu alikuwa bado anakoroma.

Baada ya chai walitoka wote kwenda kutafuta nanasi, maana Begi alisema mama yake anapenda nanasi. Karakana iliachwa wazi kama kawaida. Nani aibe friji mchana kweupe? Lakini waliporudi na nanasi lao, pale ilipokuwa friza palikuwa na mstatili wa vumbi na kikombe kimoja kitupu.

"Mama pacha!" Babu Barafu aliita ng'ambo ya barabara. "Friza iko wapi?"

Mshonaji akatoa pini mdomoni. "Si wamekuja na pikapu vijana wa bucha? Wameona vema, wakabeba."

"Vema gani? Sijaweka vema!"

Hapo Begi akapauka. Alisimama katikati ya karakana na nanasi mikononi. "Nimeweka mimi," akasema. "Niligusa zikawa zimeganda. Wewe zikiganda unaweka." Machozi yakaanza. "Vijiko vya Bibi vimo ndani. Sasa utaniambia niende."

Babu Barafu alijaribu kuweka uso wa babu aliyekasirika, kwa heshima ya vijiko. Alishindwa. Kicheko kilimjia kutoka nyayoni. Aliiona friza ikiondoka kwa adabu zote, na vema yake, na ndani yake vijiko vyote vya marehemu vimesimama kichwa chini kwenye ndizi.

"Uende wapi? Mtihani umeusimamia, zimeganda, umeweka alama. Hiyo ndiyo kazi!" akasema akifuta macho. "Mimi mwenyewe ningeweka hivyo hivyo. Kosa ni kwamba hatukuzila barafu kabla friza haijabebwa. Twende!"

"Tutazibebea nini?" akauliza pacha.

Begi akalivua begi. Alilivua mabegani, akafungua zipu, akalipindua juu ya benchi la kazi, na nguo zake zote, mswaki, ndala na daftari la kuchorea vikamwagika katikati ya nyaya na mabomba ya gesi. "Hili," akasema, tayari yuko mlangoni.

Babu Barafu aliona. Alivaa kofia na kukimbia kabla mdomo wake haujaharibu jambo.

Mtaa ulipata sinema ya bure. Mbele alikuwa Begi, na begi tupu likipigapiga mgongo, nyuma yake mapacha, nyuma yao Pengo akipiga kelele "Tupisheni, dharura!" bila mtu kumwambia ni dharura gani, na mwisho kabisa mzee mwenye aproni, mkono mmoja kwenye kofia na mwingine kwenye suruali, kwa sababu mkanda wake alikuwa ameutumia kufungia mota ya friji wiki iliyopita na hakuukumbuka. Muuza matunda alidhani moto unawaka. Akaanza kukimbia nao hatua kadhaa, kisha akakumbuka ndizi zake akarudi.

Lilikuwa jambo la haraka kweli. Babu Barafu alikuwa na sheria nyingine kwa wateja wake: friza ikishasafirishwa, isiwashwe mpaka ipumzike hadi jioni, la sivyo mota inakufa. Na mwenye bucha alikuwa mtu wa kushika sheria. Kwa hiyo friza ilikuwa imezimwa, na mle ndani ndizi na embe zilikuwa zikianza kulainika.

Mwenye bucha aliitwa Ndita. Alikuwa na mikunjo ya uso ambayo hakuna mtu aliyewahi kuona inafunguka, hata siku alipomwoza binti yake. Walimkuta nyuma ya kaunta yake, mbele yake foleni ya wateja, amesimama wima, mkono mmoja ameuficha nyuma ya aproni.

"Fundi," akasema kwa sauti nzito, "friza yangu imezaa."

"Ndiyo tumekuja, mzee mwenzangu. Ni za watoto. Hujazigusa?"

"Nazigusaje vitu vya watu?" Lakini midomo yake ilikuwa ya njano, na kwenye masharubu yake palining'inia uzi wa embe.

Watoto wakamkodolea macho. Ndita akajikaza. Tone la njano likadondoka kutoka nyuma ya aproni, likatua juu ya kiatu chake, na foleni nzima ikaliangalia. Mzee yule akatoa mkono taratibu. Ndani yake kilikuwa kijiko cha maua, kimelambwa kikatakata.

"Mmeweka nini humu?" akauliza, na sasa hakuwa na sauti ya kugomba. "Sukari mmeweka kiasi gani?"

"Hatuweki sukari!" Ni Begi aliyesema, na kwa kweli tangu hapo hakunyamaza. Alipanda juu ya kreti akamweleza Ndita habari za ndizi zenye madoa, kwamba ile yenye ngozi ya kijani inakaza ulimi na usijaribu. Akamweleza kwa nini tikiti peke yake linakuwa jiwe, na kwamba Pengo ni shahidi. Pengo akafungua mdomo kutoa ushahidi. Akaeleza kuhusu tabaka na machungwa na drili, na kwamba drili haifai, muulize Babu, dari bado ina papai. Wateja wa nyama wakasogea karibu. Babu Barafu alisimama mlangoni akishika suruali yake, akimsikiliza yule mtoto wa "sijui".

"Zinayeyuka!" akapiga kelele pacha, aliyekuwa ameinua mlango wa friza.

Hapakuwa na la kufanya ila kuzila. Zikagawiwa foleni nzima. Mama mmoja aliyekuja kununua maini akala mbili. Mzee mwenye fimbo akasema meno hana lakini hii haihitaji. Watu wazima walilamba viwiko vyao bila aibu, na Begi akazunguka kati yao na begi lake wazi, kama kondakta anayedai nauli.

"Ukimaliza rudisha kijiko! Ni cha bibi yangu! Baba, umemaliza? Kijiko! Ni cha bibi yangu hicho!"

Babu Barafu aliposikia hivyo alijifanya anakagua waya wa friza, na aliukagua kwa muda mrefu. Wageni wa maana walikuwa wamekuja, wengi kuliko alivyotegemea marehemu, na wote walikuwa na embe kidevuni.

Kijiko cha mwisho kilitoka mfukoni mwa aproni ya Ndita, baada ya Begi kumkazia macho. "Nilikuwa nakihifadhi," akasema mwenye bucha. Na mikunjo ile ya uso, nakuapia, ilifunguka. Foleni ikapiga makofi.

Walirudi nyumbani wakicheza, begi likilia chaka-chaka-chaka kama ngoma ya harusi. Begi alipita karakanani mbio bila kuangalia kando, akanyakua nanasi lake, akaingia jikoni, mapacha na Pengo nyuma yake. Babu Barafu alifika dakika kadhaa baadaye, akihema. Alipoinua macho, binti yake alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa anakoroga chai kwa bisibisi.

"Shikamoo, Baba. Nyumba hii haina hata kijiko kimoja?"

"Marahaba, mama. Ni hadithi ndefu."

Lakini binti hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia benchi, ambako nguo za mtoto zilikuwa zimemwagwa, mswaki ukiwa juu yake. "Naona ameshatoa nguo zake zote tupange safari," akasema polepole. "Usijali, Baba. Najua umejitahidi. Nitampeleka kwa shangazi yake leo leo."

Babu Barafu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu. Alijaribu kuonyesha kwa mikono: friza, pikapu, mbio. Suruali ikateremka, akaishika.

"Mwanangu!" binti akaita kuelekea pazia. "Lete begi tupange nguo."

"Begi lina vijiko, Mama!" ikajibu sauti kutoka jikoni. "Halafu leo haiwezekani!"

Wakaingia wote wawili jikoni. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono ya njano mpaka viwikoni, akisukuma vikombe ndani ya friji ya babu yake, ile ya kukohoa. Mgongo wake ulikuwa mtupu, na ulionekana mdogo sana bila lile begi.

"Haiwezekani kwa nini?" mama yake akauliza.

"Kwa sababu ni za nanasi, na nimeziweka kwenye friji ya Babu, na friji ya Babu ni mbovu. Hazigandi mpaka kesho."

"Si mbovu," akasema Babu Barafu, sauti ikiwa imemrudia kidogo. "Ni ya taratibu."

"Na kesho zikishaganda?"

"Tunakula. Halafu Jumatatu inakuja friji ya mwenye duka la dawa, Babu amesema. Sasa nani ataijaribu? Babu anaweka maji tu!" Alilisema hilo kwa masikitiko makubwa, na Pengo na mapacha wakatikisa vichwa kwamba kweli, Babu anaweka maji tu.

Binti akamgeukia baba yake. Babu Barafu alikuwa amepata kazi ya kubandua papai kavu kwenye kalenda.

"Kwa hiyo mimi nifanyeje?" akauliza binti.

"Ungoje. Ya kwako hii hapa." Begi akamwonyesha kikombe cha mbele kabisa. Mpini uliotokeza juu yake uling'aa, ua zima. "Nimekuwekea kijiko cha kabatini."

"Mimi?" Mwanamke yule alijishika mkono wa kulia, palepale alipokuwa akipigwa makofi utotoni. "Mimi nipewe cha kabatini?"

"Ndiyo. Si ni vya wageni?" akasema mtoto, akishangaa kwamba jambo dogo hivyo linahitaji maelezo. "Mimi changu ni kile pale kilichopinda, cha jikoni."

Babu Barafu akaacha kubandua papai. Binti akaketi juu ya kiti kilichokuwa karibu, akacheka huku anafuta macho kwa kiganja, na hakuna aliyemwuliza anafuta nini.

"Na leo nitalala wapi mimi?" akauliza mwishowe.

"Wageni wanalala kwenye kochi," akasema Begi, akaufunga mlango wa friji polepole ili baridi isitoke.